Ganda Jipya, Mashine Kongwe: Uhakiki wa Matoleo Yaliyosanifiwa Upya ya PlayStation 2 na PlayStation 3 kwa Kigezo cha Kibanda cha Gemu cha Ifakara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matoleo yaliyosanifiwa upya ya mashine mbili kongwe za gemu, PlayStation 2 na PlayStation 3, na kuuliza iwapo yanastahili kununuliwa na mwenye kibanda cha gemu mjini Ifakara na katika bonde la Kilombero kwa jumla. Uchambuzi unaongozwa na jozi ya fani na maudhui, ambayo ni nyenzo ya kawaida katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ingawa hapa inatumika kwa kifaa badala ya matini. Hoja ya msingi ni kwamba tathmini zilizoenea kuhusu mashine hizi zilizipima kama mapambo ya sebuleni. Zikipimwa kama nyenzo za kazi mahali penye joto, vumbi na umeme usiotulia, mpangilio wa ubora wake hubadilika, na pengine hupinduka kabisa.

1.0 Utangulizi

PlayStation 2 iliingia sokoni nchini Japani tarehe 4 Machi 2000. Kampuni ya Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013, baada ya kuuza mashine zaidi ya milioni 150 duniani kote. Gemu ya mwisho kutolewa kwa ajili yake ilikuwa ya mpira wa miguu, Pro Evolution Soccer 2014, iliyotoka Novemba 2013. Kati ya tarehe hizo mbili mashine ilibadilishwa umbo mara kadhaa: ikapunguzwa unene, ikapunguzwa uzito, ikahamishiwa vyombo vya umeme nje na kisha ikarudishiwa ndani. Kwa mnunuzi wa Tokyo au London habari hii sasa ni historia ya teknolojia. Kwa mwenye kibanda cha gemu nchini Tanzania bado ni suala la manunuzi, kwa sababu mashine hizo zinaendelea kuuzwa zikiwa mtumba, zikitokea Kariakoo na kwingineko, na muuzaji hutaja neno "nyembamba" kana kwamba neno hilo peke yake linatosha kupandisha bei.

Swali la makala haya ni jepesi kulitamka: je, ganda jipya linaongeza thamani gani kwa mashine ya zamani? Uzito wake unaonekana pale inapokumbukwa fedha hizo zinatoka wapi. Bonde la Kilombero linaishi kwa mpunga na miwa. Kijana anayefungua kibanda mjini Ifakara mara nyingi hutumia mtaji uliotokana na mavuno, wake au wa wazazi wake, na mtaji huo huja mara moja kwa mwaka, masika yanapokwisha na mpunga ukashauzwa. Akinunua mashine isiyomudu mazingira, hana msimu wa pili wa kujaribu tena kabla ya mwaka mwingine. Kwa hiyo kosa la tathmini, ambalo kwa msomaji wa jarida la Ulaya ni suala la ladha tu, kwake ni suala la riziki.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuitenganisha kazi katika fani na maudhui, yaani namna jambo linavyosemwa na jambo lenyewe linalosemwa. Wahakiki wengi wamekwisha kuonya kwamba mpaka huo ni wa kufundishia tu, na kwamba katika kazi yenyewe viwili hivyo haviachani. Onyo hilo halijapelekwa vya kutosha nje ya fasihi. Anayeuza mashine iliyosanifiwa upya hujenga hoja yake juu ya utengano huohuo: gemu ni zilezile, yaani maudhui hayajaguswa, na kilichobadilika ni umbo tu. Makala haya yanadai kwamba dai hilo si kweli kwa PlayStation 2, na kwamba udhaifu wake huonekana upesi zaidi Ifakara kuliko mahali mashine zilikosanifiwa.

2.0 Kibanda kama mahali pa matumizi

Kibanda cha gemu ni ndugu wa kibanda umiza, chumba kile cha kuonyeshea filamu na mechi za Ulaya kwa kiingilio kidogo. Tofauti yake ni kwamba mteja halipi kutazama bali kucheza, na hulipia mechi au muda. Ndani huwa na televisheni mbili tatu, nyingi zikiwa za chogo, mabenchi, mashine zilizofungiwa ndani ya makasha ya mbao au ya chuma, na pedi ambazo waya zake hupita katika tundu dogo. Mchezo mkuu ni mpira wa miguu. Ukimwita mchezaji fanani na waliosimama nyuma ya benchi hadhira hutakuwa umekosea sana, kwa kuwa waliosimama hushangilia, hukosoa pasi, hutania kwa Simba na Yanga, na husubiri aliyefungwa ainuke. Mechi isiyo na watazamaji huonekana haina ladha hata kwa anayeshinda.

Mandhari hii inabadilisha vigezo vya tathmini kwa namna tatu. Kwanza, mashine haimilikiwi na anayeicheza. Inatumika mfululizo na watu wengi kuanzia shule zinapofungwa hadi usiku, kwa hiyo saa zake za kazi katika mwezi mmoja zinaweza kuzidi zile za mashine ya nyumbani kwa mwaka mzima. Pili, haionekani. Imefungiwa. Mzunguko wa mistari yake, rangi yake na wembamba wake, yaani sifa ambazo tathmini za magazeti huzipa aya nzima, zimo gizani ndani ya kasha. Tatu, hewa inayoizunguka ni hewa ya kasha hilo, si hewa ya chumba.

Ifakara ipo chini ya miinuko ya Udzungwa, katika tambarare ya mto yenye joto na unyevu mwingi wakati wa mvua na vumbi jingi wakati wa kiangazi. Barabara ya kutoka Kidatu ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuwekwa lami, na vumbi hilo halikuishia barabarani. Kuhusu umeme kuna kinaya kinachostahili kutajwa hata kama hakimo katika kiini cha mada. Ukanda huu unazalisha umeme kwa gridi ya taifa: Kidatu ina uwezo wa megawati 204 na Kihansi megawati 180, na maji ya Mto Kilombero yenyewe huteremka hadi Rufiji. Hata hivyo mwenye kibanda hujua kwamba taa zikianza kufifia ni lazima akimbilie swichi, kwa sababu kinachounguza mashine mara nyingi ni umeme unaporudi kwa kishindo. Yuniti za LUKU anazinunua kwa bei ileile ya waliopo mbali na mabwawa hayo.

Kwa ufupi, msanifu wa Tokyo aliwazia sebule, na mashine imeishia kiwandani, kwa kuwa kibanda ni kiwanda kidogo cha mechi. Thamani ya mashine mahali hapa hupimwa kwa idadi ya mechi inazozalisha kabla ya kuhitaji fundi, na kwa urahisi wa kazi ya fundi huyo atakapofika.

3.0 PlayStation 2: kilichoondolewa pamoja na unene

Toleo nene la kwanza lilikuwa na unene wa sentimita 7.8. Mwezi Novemba 2004 lilifuatiwa na toleo jembamba, lenye namba za SCPH-70000, ambalo unene wake ulikuwa sentimita 2.8 na uzito wake takriban gramu 900. Tarakimu hizi zilisifiwa sana, na ni haki zisifiwe: kutoa theluthi mbili ya unene wa mashine bila kupoteza uwezo wake wa kuchora picha ni kazi kubwa ya uhandisi. Mhakiki hapaswi kuidharau kwa sababu tu inauzwa na mfanyabiashara.

Yapo mambo ambayo toleo jembamba liliyaacha kama yalivyokuwa, na kuyaacha huko ndiko hekima yake kubwa. Matundu ya pedi ni yaleyale, na kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8 ni ileile. Waya wa kupeleka picha kwenye televisheni ni uleule, na ule wenye vichwa vitatu vya rangi ya njano, nyeupe na nyekundu unaingia katika televisheni ya chogo bila kifaa cha ziada. Katika kibanda kitu kinachokufa kwanza ni pedi, hasa kijiti cha kushoto kinachokimbiza mchezaji, na mwenye kibanda mwenye mashine nene mbili na nyembamba moja anaweza kuzihamisha pedi zake atakavyo. Ni mara chache kampuni inayouza kitu kipya kuacha vifaa vya zamani viendelee kufanya kazi, na hili lihesabiwe upande wa faida.

Upande wa hasara unaanzia kwenye lenzi. Kila anayeijua mashine hii anajua kwamba kiungo chake dhaifu ni lenzi inayosoma diski. Vumbi huipaka ukungu, joto huichosha, na diski zenye mikwaruzo huilazimisha kufanya kazi kupita kiasi. Toleo nene kuanzia mfululizo wa SCPH-30000 lilikuwa na tiba ya maradhi haya, ingawa halikuitangaza kama tiba: nyuma yake palikuwa na nafasi ya kuweka diski kuu pamoja na kifaa cha mtandao. Diski kuu ikiwemo, gemu inaweza kusomwa bila kuigusa lenzi. Mnamo Machi 2004 Sony iliuza nchini Marekani diski kuu ya gigabaiti 40 pamoja na gemu ya Final Fantasy XI. Miezi minane baadaye toleo jembamba likatoka, na nafasi ile haikuwemo tena. Mnunuzi aliyeambiwa mwezi Machi kwamba diski kuu ndiyo njia ya mbele aliambiwa mwezi Novemba, bila maneno, kwamba njia hiyo imefungwa.

Hapa ndipo utengano wa fani na maudhui unapovunjika. Nafasi ya diski kuu ilikuwa sehemu ya umbo: shimo tupu ambalo wanunuzi wengi hawakuwahi kulijaza. Msanifu aliyeliona kama unene usio na kazi alikuwa sahihi kwa mujibu wa sebule yake. Katika kibanda cha Ifakara shimo hilohilo ndilo tofauti kati ya mashine inayoendelea kuchezwa baada ya lenzi kufa na mashine inayogeuka spea. Yapo matundu ya USB kwenye toleo jembamba, lakini ni ya kizazi cha kwanza cha teknolojia hiyo, ambacho mwendo wake ni wa polepole mno, na gemu inayosomwa kutoka humo mara nyingi hukwama kwama kwenye vipande vya video.

Jambo hili lina upande wa kisheria ambao mhakiki hawezi kuuruka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na kunakili gemu bila idhini ya mwenye haki ni kuivunja. Sehemu kubwa ya diski zinazozunguka vibandani ni nakala, na mashine nyingi zimetiwa chipu ili zizikubali. Makala haya hayatetei desturi hiyo. Yanachosema ni kwamba hata diski halali hupata mikwaruzo, na kwamba mwenye diski halali mjini Ifakara hana duka la kwenda kununua nyingine ya gemu iliyotoka mwaka 2013. Ujuzi wa mashabiki wanaorekebisha gemu za mpira kila msimu, wakibadilisha majina ya wachezaji na jezi ili mashine ya mwaka 2000 ijue nani amehamia wapi, nao umekaa katika eneo hilohilo la kijivu. Bila kazi hiyo kibanda cha PlayStation 2 kingekuwa kimekufa zamani. Mteja wa miaka kumi na minne hataki kucheza na kikosi alichokuwa akikishabikia baba yake.

Kuhusu diski yenyewe, toleo jembamba liliacha trei inayotoka na kuingia kwa mota, likaweka mfuniko wa juu unaofunguliwa kwa mkono. Watathmini wengine waliuona mfuniko huo kuwa wa bei rahisi. Kwa kibanda ni nafuu, kwa kuwa kisichokuwepo hakiharibiki, na trei ya toleo nene inayogoma kutoka ni kero inayojulikana kwa kila fundi. Nafuu hiyo ina gharama zake mbili. Mfuniko wa juu unadai nafasi wazi juu ya mashine, kwa hiyo kasha la mbao lazima liwe na mlango wa juu, na kila ufunguzi wake huialika lenzi kupokea vumbi moja kwa moja. Tena ule utepe wa nyaya unaoishikiza lenzi, usipokaa vizuri, unaweza kuinuka na kuchora duara kwenye diski.

Suala la umeme ndilo lenye utata wa kupendeza zaidi. Matoleo membamba ya awali, kuanzia 70000 hadi 79000, hupokea umeme kupitia adapta ya nje yenye kutoa volti 8.5. Wanunuzi wa sebuleni waliilalamikia adapta hiyo: inatambaa sakafuni, inaongeza mzigo, inaharibu uzuri. Kampuni ikawasikiliza. Toleo la mwisho, SCPH-90000, lililotoka Japani Novemba 2007, liliirudisha adapta ndani ya ganda, na uzito ukawa gramu 720, wakati 79000 ilikuwa na gramu 600 bila adapta yake ya gramu 250. Kwenye karatasi, 90000 ndiyo iliyokamilika: nyembamba, nyepesi kwa jumla, na isiyo na kitu cha kuburuta.

Sasa tuiweke kwenye kibanda ambacho umeme umerudi kwa kishindo saa mbili usiku, benchi likiwa limejaa. Kwa 77000 au 79000, chenye uwezekano mkubwa wa kuungua kwanza ni adapta. Mwenye kibanda huichomoa, huchomeka nyingine anayoiweka akiba, na mechi huendelea. Iliyoungua hupelekwa kwa fundi kesho au hutupwa. Kwa 90000, kilichoungua kimo ndani, na kuifikia sehemu hiyo ni kufungua mashine nzima, kazi isiyofanyika usiku ule. Adapta ya nje, iliyoonekana kuwa kasoro ya fani, ilikuwa ngao. Kuiingiza ndani kulikuwa uhariri mbaya, hata kama ulifanywa kwa kuwasikiliza wasomaji, kwa sababu waliosikilizwa ni wasomaji wa aina moja tu.

Fauka ya hayo, matoleo membamba hayakuwa na maudhui yaleyale hata kwa maana finyu ya neno. Kuanzia 75000 kichakataji kidogo kilichokuwa kikiendesha kazi za pembeni na gemu za PlayStation ya kwanza kilibadilishwa na kingine kinachoigiza tabia za kile cha zamani, na gemu kadhaa zikagoma au zikayumba. Kibanda kinachoishi kwa mpira hakitahisi sana badiliko hili. Lakini kwa hoja ya makala haya lina uzito, kwa maana linaonyesha kwamba hata pale palipoahidiwa kuwa ni jalada tu lililobadilishwa, mkono wa mhariri uliingia kwenye kurasa. Vitabu vya Kiswahili vina uzoefu huo. Msomaji wa toleo la karibuni la riwaya ya miaka ya sitini hujifunza kuuliza kama tahajia na ibara ni zile za mwandishi.

Wembamba wenyewe, ambao ndio unaouzwa, una faida gani basi? Moja ni ya kweli. Mashine ya gramu 600 inabebeka. Kijana anayefuata minada, au anayepanda treni ya TAZARA kupeleka gemu Mlimba wakati wa mauzo ya mpunga, anaweza kuiweka pamoja na adapta na pedi mbili kwenye begi la shule na kukodi televisheni aendako. Tangu Daraja la Magufuli lenye mita 384 lifunguliwe mwaka 2018 kuvuka Mto Kilombero, safari ya kwenda upande wa Ulanga haitegemei tena kivuko, na biashara ndogo ya kuhamahama imekuwa nyepesi. Maji ya mto yakipanda hadi kwenye nyumba, chepesi huokolewa kwanza. Hasara yake nayo ni ya wazi: mashine inayoingia kwenye begi la shule inaingia chini ya shati. Mashine nene haikuibiwa kirahisi hivyo.

4.0 PlayStation 3: hukumu iliyopinduka

PlayStation 3 ilizinduliwa Novemba 2006. Toleo lake jembamba lilitoka Septemba 2009, na kampuni ikasema kwamba ni dogo kwa asilimia 32, jepesi kwa asilimia 36, na linatumia umeme pungufu kwa asilimia 34. Tarakimu ya tatu ndiyo yenye maana kwa anayenunua LUKU. Umeme usiotumika ni joto lisilozalishwa, na joto ndilo lililoziua mashine nyingi za mwanzo za aina hii, zilizojulikana duniani kwa taa yao ya njano ya kifo. Hapa usanifu upya ulitibu maradhi halisi. Toleo la 2009 ni bora kuliko la 2006 kwa kibanda cha Ifakara, na makala haya hayaoni haja ya kuzungushia maneno hukumu hiyo. Diski yake kuu ni ya kawaida, ya kompyuta ndogo, na mwenye mashine anaweza kuibadilisha mwenyewe kwa bisibisi.

Kilichopotea kilipotea kimya. Mashine chache za mwanzo zilikuwa na uwezo wa kucheza diski za PlayStation 2. Uwezo huo ulikuwa umeondolewa hata kabla ya toleo jembamba. Uwezo wa kuweka mfumo mwingine wa uendeshaji, kama Linux, haukuwekwa kwenye toleo jembamba, kisha tarehe 1 Aprili 2010 ukafutwa kwa njia ya intaneti hata kwenye mashine nene zilizokwisha kuuzwa. Ni sawa na mchapishaji kuingia usiku kwenye rafu ya msomaji na kuchana sura. Mashine iliyokuwa Kilombero bila bando la intaneti ilibaki na sura yake, walau mpaka ilipowekewa gemu mpya iliyodai mfumo mpya.

Toleo la tatu lilitoka mwaka 2012, jembamba zaidi, likiwa na mfuniko wa kuteleza badala ya mdomo unaoimeza diski. Watathmini wa Marekani na Ulaya hawakulipenda. Plastiki yake ilionekana ya bei rahisi, na kuufungua mfuniko kwa mkono kulionekana kama kurudi nyuma. Kwa kigezo cha kibanda hukumu inapaswa kupinduliwa. Mdomo unaomeza diski una mota na mipira inayochakaa na kujaa vumbi, na mtoto akiingiza diski ya pili juu ya ya kwanza, kazi ya kuzitoa ni ya fundi. Mfuniko wa kuteleza hauna vyote hivyo. Urahisi wa sura unaomkera mpambaji wa sebule ni urahisi wa kutengeneza, na huenda hii ndiyo mashine pekee katika uhakiki huu ambayo msanifu, pengine kwa kubana matumizi tu, aliwafaa watu asiowawazia.

Kasoro ya familia yote ya PlayStation 3 kwa kibanda ni pedi zisizo na waya. Zinahitaji kuchajiwa, zinaweza kutoka mlangoni mfukoni mwa mtu, na umeme ukikatika kwa siku nzima hazina chaji siku inayofuata. Zaidi ya hapo, mashine hii inatoa picha kwenye televisheni ya chogo kwa tundu lilelile la PlayStation 2, jambo ambalo PlayStation 4 iliacha kulifanya. Anayehamia PlayStation 4, hata ile nyembamba ya mwaka 2016, ananunua na televisheni.

5.0 Ganda la zamani, mashine nyingine

Desemba 2018 kampuni hiyohiyo ilifanya kinyume cha yote yaliyojadiliwa. PlayStation Classic ilikuwa na sura ya mashine ya mwaka 1994 iliyopunguzwa kimo, lakini ndani palikuwa na kompyuta ndogo inayoigiza ile ya kale, ikiwa na gemu ishirini zilizowekwa tayari. Mfuniko wa diski ulichorwa tu na haupokei diski. Katika gemu zile ishirini hakuna hata moja ya mpira wa miguu. Kwa hiyo hakuna la kujadili kuhusu kibanda, na kifaa hicho kinatajwa hapa kwa sababu moja: kinaonyesha kwamba soko linaweza kuuza fani tupu, iliyovuliwa utendaji wake, kwa walio na kumbukumbu ya kuinunua. Bao la Kiswahili lenye mashimo yake 32 na kete 64 halijawahi kuhitaji toleo jembamba wala la kumbukumbu; ubao ukipasuka huchongwa mwingine na mchezo ni uleule. Tofauti ni kwamba kanuni za bao wanazo wachezaji vichwani, ilhali kanuni za gemu zimefungiwa kwenye kitu ambacho mwenye kukiuza ndiye anayeamua lini kizeeke.

Kutokana na uchambuzi huu, mnunuzi wa Ifakara mwenye mtaji wa mashine moja ya PlayStation 2 ashauriwe kuchagua nene ya mfululizo wa 50000, ambayo feni yake ni tulivu kuliko za awali, iwapo anaye fundi wa kumwekea diski kuu na anazo gemu zake kihalali. Asipokuwa na fundi huyo, achague nyembamba ya 77000 au 79000 yenye adapta ya nje, na anunue adapta mbili tangu siku ya kwanza. Ya 90000 aiache hata ikiwa inang'aa kuliko zote na bei yake imepunguzwa. Akiweza kufika PlayStation 3, ya mwaka 2009 au ya 2012 yenye mfuniko inafaa, lakini pedi azifunge kwa waya wa chaji kwenye benchi.

Kabla ya kulipa, aigeuze mashine na kusoma kibandiko cha chini. Tarakimu ya mwisho ya namba ya PlayStation 2 hutaja soko ilikokusudiwa: 0 ni Japani, ambako umeme ni wa volti 100, 1 ni Marekani, wa volti 120, 3 ni Uingereza na 4 ni Ulaya bara, ambako volti zinakaribiana na 230 zetu. Mashine nene yenye 0 au 1, ikichomekwa moja kwa moja ukutani Ifakara bila kipunguza volti, haitamaliza mechi ya kwanza. Kwa nyembamba yenye adapta ya nje, asome adapta badala ya mashine, na ahakikishe kwamba imeandikwa inapokea volti 240 na kutoa 8.5. Kisha aombe iwashwe dukani kwa diski, si kwa menyu tupu, na aiache icheze walau kipindi kizima cha kwanza cha mechi, kwa sababu lenzi iliyochoka huonekana nzima kwa dakika tano za mwanzo.